Siyo Mfumo Uliolikataa Shamba la Mama

Tampere, Ufini
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Festo,

Marahaba. Shikamoo yako uliyonitumia kwenye simu niliipokea, ila mimi nikikupigia hupokei, na ujumbe wangu unausoma halafu unakaa kimya. Sasa nimeamua kukuandikia kwa karatasi kama walivyokuwa wakiandikiana wazee wetu. Barua hii anakuja nayo Sista Anyesi, yule Mmatengo mwenzetu anayesoma uuguzi hapa. Anasafiri keshokutwa kuja likizo Litembo, na nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine yeyote, aitie mkononi mwako wewe mwenyewe. Sista hadanganywi kwamba hupo. Kwa hiyo kaa chini uisome yote.

Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo, na wale wanangu wawili wanaendeleaje na shule? Kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Kahawa ya kule juu imechanua vizuri mwaka huu? Goti la Mama sikuulizi, kwa sababu hali yake naijua kuliko wewe unayekaa naye kijiji kimoja, na nimeijuaje utaona hapo mbele. Mimi mwili mzima, nashukuru Mungu. Nina hasira tu, tena hasira yenyewe siyo ya kupoa kwa chai.

Huku baridi imeingia. Jua linachelewa kutoka na linawahi kuondoka, na watu wanapishana njiani bila salamu, kila mmoja amejifunika mpaka pua. Bado nipo kwenye kampuni ile inayoandika programu za kuendeshea lifti za maghorofa. Kazi yangu ni kutafuta makosa kwenye programu kabla lifti haijamfungia mtu ndani au haijafungua mlango mahali ambapo hapana sakafu. Ni kazi ya kugombana. Wenzangu wakiandika kitu, mimi ndiye ninayewarudishia na kuwaambia hapa umekosea, na hakuna anayempenda mtu wa namna hiyo. Mchana nakula peke yangu, viazi na samaki asiye na pilipili wala chumvi ya maana. Nimewakumbuka usipa wa shangazi, wale dagaa wa ziwani, mpaka nimewaota.

Majuzi kidogo nigombane vibaya. Kuna mwenzangu mmoja alitaka kuona ninakotoka, basi nikafungua ile ramani inayoonyesha picha zilizopigwa kutoka angani, nikamwonyesha milima yetu, hospitali ya misheni, mpaka mteremko wetu wenyewe. Kiangazi, ngolo zetu za kulimia zimejipanga mlima mzima, shimo kwa shimo, kama nyumba ya nyuki. Mimi nimejaa fahari. Yeye akainama karibu na kioo, akanitazama kwa huruma, akaniuliza tulipigwa mabomu mwaka gani. Nikaifunga ramani kabla sijasema ya kufukuzwa kazi. Nikamsamehe baadaye, kwa kuwa hajawahi kufika kwetu na hakuna aliyewahi kumweleza. Wewe unacho kisingizio gani?

Maana wiki ile ile ukanitumia ujumbe. Mwanzo wake ulinifurahisha. Ukasema umeanza kozi ya programu pale Mbinga mjini, jioni jioni, na mwalimu amewapa maswali mawili yanayokusumbua: kompyuta inatekelezaje maagizo, na inahifadhije taarifa. Ukaniomba nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Nikasema huyu ndiye mdogo wangu. Kisha mwishoni, baada ya kuniuliza hali ya hewa ya huku, ukachomeka maneno haya, nami nayanakili yalivyo: “Halafu dada, shamba la chini la Mama limeingia kwenye ardhi tupu ya mradi wa miti. Sio mimi, mfumo umekataa.”

Nchi yetu imepata mungu mpya anaitwa Mfumo. Ukienda kutafuta cheti cha kuzaliwa, mfumo unasumbua. Ukienda kuulizia umeme, mfumo haupo. Mtu amekaa kwenye kiti, ana macho, ana masikio, anakuona umesimama mbele yake na mtoto mgongoni, anakuambia mfumo hautambui kama upo. Nilizoea kuyasikia hayo kwa watu wa ofisini. Sikutegemea kuyasikia kwa mtoto wa Mama yangu, juu ya shamba lililomlisha.

Basi umeomba somo, nitakupa somo. Nitakufundisha kwa shamba hilo hilo.

Swali la kwanza ni maagizo. Niambie, ngolo zinachimbwaje? Mvua zikielekea mwisho, marehemu Baba alikuwa anafyeka majani kwa nyengo, anayaacha yakauke, kisha anayapanga mistari ya kushuka na mistari ya kukatiza mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Hapo ya mwanamume yamekwisha, anaingia Mama na jembe. Anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo na kuurushia juu ya majani pande zote nne, anamwaga maharage, anafunika. Katikati panabaki shimo la kukamata maji. Anahamia mraba unaofuata, anarudia yale yale, mpaka afike bondeni. Sasa Mama angeanza kuchimba kabla majani hayajapangwa, ingekuwaje? Ungekuwa na mashimo, na udongo mtupu pembeni yake usio na cha kuoza ndani. Jembe ni lile lile, mikono ni ile ile, lakini umegeuza mpangilio ukapata kitu kingine kabisa. Programu ni hivyo. Ni maagizo madogo madogo yaliyopangwa, na mpangilio ni nusu ya kazi.

Ndani ya kompyuta anayetekeleza maagizo ni prosesa. Usiitukuze. Inachukua agizo moja kutoka kwenye kumbukumbu, inatambua ni agizo la aina gani, inalitekeleza, inafuata linalofuata. Inafanya hivyo tangu unapoiwasha mpaka unapoizima. Na maagizo yenyewe ni madogo mpaka yanachekesha: chukua namba hii uiweke pale, jumlisha hizi mbili, linganisha hii na ile, kama zinalingana ruka uende kwenye agizo fulani, kama hazilingani endelea. Mengine yote unayoyaona kwenye kioo, picha, ramani, nyimbo, yamejengwa kwa vipande hivyo. Hakuna agizo la kushangaa. Hakuna agizo la kusema ngoja kwanza, hapa mbona kama napajua.

Mama akikuta jiwe katikati ya mraba anasimama, anafikiri, anasogeza ngolo kidogo. Prosesa ikikuta jiwe na haikuambiwa habari za mawe, italichimba kama udongo. Ila italichimba kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na watu wakiona kasi wanadhani wameona akili. Hata mimi darasani kwangu mwanzoni nilidhani hivyo.

Swali la pili ni taarifa. Chukua ngolo nane zilizo kwenye mstari mmoja. Kila moja ama umeiwekea punje ya harage, ama hujaiweka. Nusu punje hakuna. Ngolo moja ya namna hiyo ndiyo biti. Nane pamoja ni baiti. Sasa zipe thamani ukianzia kulia: ya kwanza moja, ya pili mbili, halafu nne, nane, kumi na sita, kila moja mara mbili ya jirani yake wa kulia, mpaka ya mwisho kushoto ambayo ni mia moja ishirini na nane. Ukitaka tano, tia punje kwenye nne na kwenye moja. Ukitaka sitini na tano, tia kwenye sitini na nne na kwenye moja, nyingine ziache. Kwenye mashine hakuna maharage, kuna umeme uliopo au usiokuwepo, na sisi tunauandika moja na sifuri. Hesabu ni hiyo hiyo. Fanya mazoezi na wanangu kwa punje za kweli, watakushinda.

Lakini hapa ndipo nataka usikimbie. Hiyo sitini na tano ni nini? Programu ya hesabu ikiisoma, ni sitini na tano. Programu ya maandishi ikiisoma, ni herufi A kubwa, kwa sababu watu walikaa wakakubaliana iwe hivyo. Programu ya picha ikiisoma, ni nukta ya kijivu iliyokolea. Punje hazijasogea hata moja. Hata maagizo ya programu yenyewe yanalala kwenye kumbukumbu ile ile kwa moja na sifuri zile zile, na ukikosea ukayasoma kama picha utaona takataka. Maana ya punje haimo ndani ya shimo. Maana iko kwa mtu aliyeandika programu na kwa mtu aliyetia punje. Kati ya hao wawili, mashine ni mpita njia.

Mtia punje ulikuwa wewe.

Tukumbushane, maana ulinieleza mwenyewe kabla hujaamua kuninyamazia. Ulikwenda na kishikwambi cha mradi, kwa kibarua chako cha kuandikisha mashamba, siku ambayo Mama alikuwa kwenye sala za jumuiya. Kiangazi, maharage yameshavunwa, mahindi bado hayajapandwa. Kishikwambi kikakuuliza kama shambani kuna zao kwa sasa. Ukabonyeza Hapana. Kikauliza kama ardhi ina mashimo. Ukabonyeza Ndiyo. Kikauliza kama ardhi imelimwa kwa matuta. Ukabonyeza Hapana. Sifuri, moja, sifuri. Huyo ndiye Mama kwenye kompyuta yenu. Mgongo wake, magoti yake, mikono aliyotulelea, vyote vimekuwa biti tatu, na mbili kati yake ni tupu.

Halafu prosesa ikafanya kazi yake. Mahali fulani kwenye programu ile kuna agizo linalosema kama zao ni sifuri, na mashimo ni moja, na matuta ni sifuri, basi ruka uende sehemu ya kuandika “ardhi tupu iliyoharibika, inafaa kupandwa miti.” Ikalinganisha, ikaruka, ikaandika. Haikukataa kitu. Kukataa ni kazi ya mwenye uwezo wa kukubali. Kwa hiyo neno hilo la mfumo umekataa lifute mdomoni mwako, hasa ukiwa mbele ya mwalimu wa programu, atakucheka, na mbele ya Mama, kwa sababu yeye anakuamini.

Ulijitetea kwamba ulijibu ukweli, kwamba ngolo siyo matuta. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Matuta kwetu ni ya muhogo na viazi, ni ya wenzetu wa Tingi na Kihagara huko chini upande wa ziwa. Mmatengo hawezi kuita ngolo tuta, ni kama kumwita mkeo mgeni. Angekuja kijana wa mjini asiyejua lolote, angeona udongo umeinuka kuzunguka mashimo, angebonyeza Ndiyo akaenda zake, na shamba la Mama lingepona kwa ujinga wake. Wewe umelipoteza kwa kulijua. Sasa kama unaijua ngolo mpaka huwezi kuiita tuta, unajua pia kwamba siyo ardhi tupu. Ujuzi wako ulifanya kazi kwenye swali moja, kwenye jibu la mwisho ukaukunja ukautia mfukoni.

Na usiniambie hapakuwa na pa kusema. Chini ya ile fomu kuna sehemu ya maelezo mengine. Ulisema uliiacha wazi kwa kuwa ukiandika pale fomu inachelewa kwenda, na mtandao wa kule mlimani ni wa kubahatisha. Neno moja tu, Festo. Ungeandika “ngolo,” mtu fulani ofisini angelazimika kuuliza ni nini hiyo.

Aliyetunga yale maswali nina ugomvi naye pia, usidhani nakuonea peke yako. Mtu anatengeneza programu ya kuhesabu mashamba ya Umatengo na hajaweka mahali pa ngolo. Ni sawa na kutengeneza programu ya samaki wa Ziwa Nyasa usiweke usipa. Hapa kazini ningemrudishia kazi yake asubuhi, adhuhuri na jioni. Mashine haiwezi kuhifadhi kitu ambacho hakikutengewa nafasi. Kitu hicho ama kinapotea, ama kinasukumwa kwenye nafasi ya kitu kingine, na huyu ameisukuma kazi ya babu zetu kwenye nafasi ya uharibifu. Lakini yeye hajawahi kula harage la ngolo. Wewe umeota meno kwa hilo.

Sasa nikuambie la goti.

Mama alinipigia Jumapili iliyopita. Alipanda mpaka kule juu kwenye mtandao, na nilimsikia akihema. Salamu zake ndefu kama kawaida yake, akanieleza ng'ombe wa baba mdogo kazaa, akanieleza nani kafunga ndoa. Nikamuuliza mbona sauti imechoka. Akasema goti linamsumbua kwa sababu ya kazi ya shamba la chini. Nikashangaa, kazi gani kiangazi hiki, maharage yalishatoka. Akasema anavunja ngolo.

Nilimwomba arudie. Akarudia, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Umemwambia kompyuta ilitafuta matuta haikuyaona. Kwa hiyo yeye anavunja ngolo, anasawazisha mashimo na kupiga matuta marefu ya kushuka, ili ikija kutazama tena iyaone. Ameanzia juu kabisa kwa sababu ndiko kunakoonekana vizuri kutoka angani. Majirani wamemuuliza ana nini, akawajibu kwamba kompyuta ya Festo inataka matuta. Alilisema hilo kwa fahari, kwamba mwanawe ndiye mwenye hiyo kompyuta.

Unaelewa anachofanya? Matuta ya kushuka, Festo, kwenye mteremko ule ambao mbuzi anauogopa. Mvua ya kwanza ya kupandia itakapopiga, hakuna shimo la kuikamata. Itafuata mifereji aliyoichimba Mama kwa mikono yake, na udongo utashuka wote mpaka mtoni, ule udongo ambamo yameoza majani aliyoyapanga Baba akiwa hai. Ngolo zile zimekaa pale tangu kabla Mama hajaolewa, na mvua zote zilizopita hazikuuondoa udongo. Msimu mmoja tu wa matuta unatosha. Baada ya hapo ile ardhi itakuwa imeharibika kweli, na programu yenu itakuwa imesema kweli, na hapo sitakuwa na la kubishana nalo.

Nilimwambia aache. Nilimsihi, nikamfokea kidogo, Mungu anisamehe. Akaniambia kwa upole kwamba mimi niko Ulaya, na Festo ndiye aliye na kompyuta na anayetoka ofisini. Akasema nisiwagombanishe. Kwa hiyo mimi sisikilizwi, na anayesikilizwa ni wewe, ambaye hupokei simu.

Nikapigia simu ofisi ya mradi pale Mbinga. Akapokea kijana mwenye adabu, akaanza na yale yale, mfumo umeshapokea, dada. Nikamwambia mimi mfumo ndio kazi yangu ya kila siku, tuongee kuhusu watu. Akacheka, akalegea, akanieleza. Orodha bado haijafungwa. Ikifungwa inapelekwa kwenye mkutano wa kijiji na miche inaanza kushushwa mvua zikianza, na mti ukishaota kwenye shamba la mtu hautoki kwa maneno. Mpaka hapo fomu inaweza kufunguliwa upya. Ila anayeweza kuomba ifunguliwe ni mmoja tu, yule aliyeijaza, kwa kueleza alikosea wapi.

Nilipokutumia habari hiyo ndipo ulipojibu neno lako la mwisho, kwamba wanaofungua fomu upya hawaitwi tena msimu unaofuata.

Sikudharau kwa hilo. Najua kazi kwetu zilivyo, najua ulivyozunguka na vyeti kwenye bahasha mpaka bahasha ikachakaa, najua una watoto na wifi yangu ana mimba. Kama ningekuwa hapo labda na mimi ningeogopa. Lakini nina hasira, Festo, na sitaificha kwa ajili ya hofu yako wala yangu. Umekwenda kujifunza kuiamuru mashine na tayari unaiogopa. Kama hiyo ndiyo programu unayotaka kuijua, acha kozi, rudi ukachume kahawa, angalau mti wa kahawa hautakutuma ukamnyang'anye mama yako shamba. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa anauchimba Mama kwa jembe kila siku ya Mungu wakati wewe unaangalia simu ikiita.

Basi nakupa maagizo, na uyafuate kwa mpangilio huu. Anza shambani kabla ya ofisini. Chukua jembe mkononi mwa Mama, usimwambie apumzike, lichukue. Halafu mwite baba mdogo na vijana wa jumuiya, mzirudishe ngolo alizozivunja, mashimo yachimbwe upya na kingo zishindiliwe, majani mtafyeka ya kando ya mto kama ya mlimani yamekwisha. Hilo likianza ndipo upande bodaboda uende Mbinga, ukaombe fomu ifunguliwe. Kwenye maelezo mengine andika ngolo ni nini, andika kila kitu, kuanzia nyengo mpaka harage, hata kama mtandao utakuweka pale mpaka wafunge ofisi. Waambie waongeze nafasi yake kwenye programu, maana miteremko ya majirani nayo inapita kwenye tundu hilo hilo. Wakikuuliza ulikosea wapi, usitaje mfumo. Na wasipokuita msimu ujao, niambie, nitakufundisha mwenyewe hii kazi jioni kwa jioni mpaka uijue, na hiyo ni ahadi ya dada kwa mdogo wake.

Nisalimie wifi yangu, mwambie asibebe maji katika hali yake. Wasalimie wanangu wawili, shangazi yao amewawekea soksi za sufu kwenye mzigo wa Sista, za kuvaa asubuhi za baridi ya Litembo. Msalimie baba mdogo katekista na ng'ombe wake aliyezaa. Shangazi yetu wa Kihagara ukipata mtu anayeshuka ziwani mpelekee salamu, mwambie usipa wake nawadai. Mpitie na yule mzee mwenye duka la vifaa vya shule pale Mbinga, aliyeniuzia daftari zangu za sekondari na kunifungia kalamu ya nyongeza. Mwambie bado namwombea, na yeye aniombee kwa namna ya dini yao.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Kuna kitu anakungoja umpe kabla ya salamu. Hajui kwamba kuna mtu aliyesimama shambani mwake akabonyeza Hapana. Anadhani mashine ilipita juu, ikatazama kazi yake yote, ikaona haifai. Kabla hajakata simu ile Jumapili, aliniuliza taratibu, kama anayeungama, “Konso mwanangu, wewe unayezijua hizi kompyuta, mimi nimekosea wapi kuchimba?”

Jibu lake unalo wewe.

Dada yako,
Konsolata